Nilivyofuta Rangi za Mama Zaituni

Ndugu wanakikundi, leo nimepata aibu. Si ile aibu ndogo ya kuteleza njiani ukainuka ukajipangusa. Hii ni aibu ya mchana kweupe, mbele ya polisi wawili, mwanajeshi mstaafu, mkewe, na mwuza samaki aliyekuwa analia. Nimeuawa na kuku. Tulieni, nitafika huko.

(Naandika mwenyewe kabla hamjaletewa na watu wengine. Polisi mmoja alikuwa ameshika simu, na sikupenda alivyokuwa ameielekeza.)

Mnanijua. Mimi ndiye Wafula, mkuu wa kikundi hiki chetu cha Mahakama ya Gemu. Ndiye niliyeandika ule waraka wa kurasa kumi na nne unaogawa gemu zote duniani katika aina thelathini na saba. Ndiye niliyesimamia mjadala wa siku tisa kuhusu gemu ya mpira: je, ni gemu ya spoti, au ni gemu ya mkakati kwa sababu unanunua wachezaji na kupanga kikosi? Siku ya tisa watu wawili walijitoa. Mmoja ni shemeji ya mwenzake, na mpaka leo wanasalimiana kwa nyusi tu. Mimi niliuita ushindi wa fikra.

Tena ndiye niliyemtoa Kizza. Mnamkumbuka? Aliandika sentensi moja tu: "Jamani, gemu ni gemu, tucheze." Nikamjibu kwa aya sita, nikamalizia na "asiyejua maana haambiwi maana", nikabonyeza, akatoweka. (Hiyo methali ishikeni vizuri. Leo imenirudia kama deni.)

Sasa, hapa ndani mimi ni Mwalimu. Nje ya hapa nauza misumari. Niko katika duka la vifaa vya ujenzi huku Kasubi, mwaka wa tatu sasa, na kazi yangu kubwa ni kubeba saruji kutoka stoo mpaka kwenye gari la mteja. Mgongo wangu una miaka ishirini na tisa kwenye kitambulisho na sitini ukiuliza daktari. Mama yangu kule Kakamega ameambia kanisa zima kwamba mwanawe yuko ofisini Kampala. Sikumrekebisha. Duka lina meza, na meza ni mwanzo wa ofisi.

Wiki iliyopita akaja mzee mmoja kununua rangi ya ukuta. Amenyooka kama fimbo, viatu vinang'aa, anaongea Kiswahili kile cha kambini. Afande Odong. Alitoka Lira akiwa kijana, akalitumikia jeshi mpaka akastaafu, sasa ana kibanda cha gemu Mbuya, kwenye mteremko wa kilima. Alitaja tu neno gemu, nami nikaacha mizani na misumari ya watu.

"Afande, gemu zako umezipanga kwa mfumo gani?"

"Mfumo?" akashangaa. "Iko kwa sanduku."

Sanduku! Nikamshika mkono, nikamweka kwenye mfuko wa saruji akae, nikampa darasa. Nikamweleza tofauti ya gemu ya mapigano na gemu ya matukio yenye mapigano ndani yake. Nikamweleza kwamba mhusika kupanda daraja hakuifanyi gemu kuwa ya kuvaa uhusika, la sivyo hata kuosha vyombo kungemfanya mtu kuwa shujaa. Wateja watatu waliondoka bila kuhudumiwa. Bosi wangu alikuwa ananitazama kwa jicho moja, lile lingine amelifumba kwa uchungu.

Afande akatikisa kichwa. "Wewe Mukenya, hii kitu iko najua kabisa. Mimi nazeeka, na bibi yangu amechoka. Natafuta meneja. Kuja Jumamosi, tujaribu siku moja. Ukiweza, kazi iko yako."

Meneja! Jioni hiyo hiyo nikampigia mama. Hakuuliza meneja wa nini. Alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza, na Jumapili iliyofuata kikundi cha akina mama kikaniombea kwa jina na cheo. Nikamwambia bosi naye atafute mtu wa kushika nafasi yangu. Bosi alicheka, akachukua ovaroli yangu akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Naiacha hapa," akasema. "Sitampa mtu mpaka Jumatatu."

Nikamwona mtu wa wivu.

Basi leo saa mbili asubuhi niko Mbuya. Shati limepigwa pasi, kwapani nina waraka, mkononi nina vibandiko nilivyochapisha mjini, aina zote thelathini na saba, na chupa ya thina, ile ya kuyeyushia rangi, kutoka dukani kwetu kwa ajili ya kusafishia makasha ya diski. (Mtaalamu hujiandaa.)

Kibanda chenyewe ni safi. Televisheni nne, mashine nne, mabenchi ya mbao. Ukutani kuna msalaba wa mzee na ratiba ya mfungo ya mkewe, vimetundikwa kwa urefu mmoja kabisa, hakuna kilichomzidi mwenzake. Mkewe ni Mama Zaituni, mtu wa Bombo, mpole, mzito wa mwili na mwepesi wa macho, kucha zimepakwa rangi vizuri. Yeye ndiye anayewapa wateja gemu. Alinikaribisha kwa chai, nikamsimulia saruji, maombi ya mama na mijadala yetu ya humu, kisha yeye akafungua sanduku.

Ndani mlikuwa na diski sitini na moja katika makasha ya buluu. Hayana picha, hayana maelezo. Kila kasha lina doa la rangi ya kucha pembeni. Madoa mengine mekundu, mengine meusi, mengine ya kijani, mengine meupe.

"Kijana," Mama Zaituni akaanza, "hii sanduku iko na mpango yake. Unaona hii rangi? Hii nyekundu..."

Mimi, mtoto wa watu, nikamkatiza mwanamke mkubwa. "Mama, usijisumbue. Aina za gemu nimezisomea."

Akanitazama kidogo. "Umezicheza?"

"Mama," nikasema, na sauti yangu ilikuwa na asali, "daktari si lazima augue kila ugonjwa."

Nilijisikia vizuri sana. Laiti ningekuwa na karamu ya kujipongeza pale pale! Mama Zaituni akasimama. Alichukua kikapu chake, akafunga mtandio.

"Kale, sawa. Mimi naenda Ggaba kuchukua samaki, leo iko na wageni. Wewe hapana haribu kitu."

Akaenda. Afande akakaa kwenye kiti chake karibu na mlango, akasema, "Wewe ndio mtaalamu, endelea," akajifunika gazeti usoni. Dakika tano baadaye gazeti lilikuwa linapanda na kushuka.

Nikafungua thina.

Naomba mnielewe. Nilidhani ni uchafu wa urembo. Nilidhani mama wa watu alikuwa anapaka kucha, brashi ikamponyoka mara sitini na moja. (Leo nikilifikiria hilo najiuliza hiyo akili niliazima wapi.) Nikafuta doa moja baada ya jingine, kwa bidii, kwa furaha, nikiimba wimbo wa kanisani. Kila kasha likawa buluu tupu. Safi! Sasa sayansi ianze.

Sayansi ilianza kwa shida. Diski sitini na moja, aina thelathini na saba. Aina kumi na mbili zilipata diski moja moja. Aina tano hazikupata kitu, nikaziachia nafasi kwa heshima. Kulikuwa na gemu moja ya bata anayeendesha lori na kupika njiani. Hiyo ilinila dakika arobaini. Ni ya mbio? Ni ya mapishi? Ni ya kuiga maisha? Nilibishana peke yangu kwa sauti, nikajishinda, nikajikatia rufaa. Mwishowe nikaunda aina ya thelathini na nane, nikaiandika kwa kalamu.

Saa nne akaingia mteja wa kwanza. Baba mmoja Mganda, baba wa mapacha, kwa hiyo kila mtu humwita Ssalongo. Anauza samaki Ggaba. Huamka saa tisa alfajiri, humaliza mapema, na kila Jumamosi huja hapa kupumzisha kichwa.

"Mama iko wapi?" akauliza, kwa ulimi wake unaogeuza l kuwa r. "Huwa ananipa ire yangu ya Jumamosi."

"Leo niko mimi, meneja," nikasema. "Ssalongo, nisaidie. Wewe ni mchezaji wa aina gani? Wa kuvumbua, wa kushindana, au wa kukusanya?"

Akafikiri. "Mimi ni wa kuchoka."

Hiyo haimo kwenye waraka. Nikampa mahojiano mafupi ya maswali kumi na moja, nikagundua ni mvumbuzi asiyejijua. Nikampa gemu ya jumba lenye milango mia. (Majina ya gemu nayasema kwa Kiswahili na kwa kuzungusha, maana najua kuna mashabiki humu wenye matusi.) Ssalongo akaanza kwa mashaka, baada ya mlango wa nne akasogea mbele, baada ya mlango wa kumi akavua viatu. Nikajipigapiga bega kimoyomoyo.

Kisha wakaingia polisi wawili wasio zamu, Konstebo Okiria na Koplo Drani. Marafiki wa kufa na kuzikana. Kambini wanakaa chumba kimoja mwaka wa sita sasa na wanakula sufuria moja. Waliingia wameshikana mabega.

"Tupatie ya watu wawili," akasema Drani. "Kitu ya kucheka."

Nilikuwa na jibu kabla hajafunga mdomo. Kuna gemu ambayo watu wawili wanabeba kabati, mmoja huku na mwingine kule, wanalipandisha mlimani. Kabati lina vyombo vya udongo ndani. Hakuna adui, hakuna silaha, hakuna kushindana. Kwenye waraka wangu, ukurasa wa tisa, imeandikwa: USHIRIKIANO, mfano bora kabisa. Kibandiko nilikibandika kwa upendo.

Dakika kumi za kwanza walicheka. Dakika ya kumi na tano nikasikia, "Inua upande yako!"

"Mimi nimeinua! Wewe ndio unavuta!"

"Wewe siku zote unaachia mimi kazi!"

"Siku zote? Siku gani? Sema siku!"

Kabati likaanguka. Vyombo vikalia. Wakaanza upya. Likaanguka tena, safari hii karibu kabisa na kilele, na Koplo Drani akaweka padi ya kuchezea chini polepole, namna ile ya mtu anayeweka chini silaha ili apate mikono.

"Hata kwa mazishi ya baba yangu," akasema, "wewe ulifika wakati watu wanakula."

"Na wewe odii yangu, ile siagi ya karanga mama alituma kutoka nyumbani, nani alimaliza?" Konstebo Okiria akasimama. "Chupa mzima! Na kijiko ukaacha ndani!"

Ndugu zangu, miaka sita ya sufuria moja ilimwagika sakafuni. Ikaja soksi. Ikaja redio iliyovunjika. Likaja jina la msichana fulani wa Naguru, hapo Afande akaamka, gazeti likaanguka. Wakashikana makola. Kofia ya mtu ikaruka ikatua juu ya televisheni ya Ssalongo, naye wala hakuitazama, alikuwa mlango wa tisini na tisa.

"Jamani," nikasema, nikiinua waraka, "hii ni gemu ya ushirikiano!"

Hakuna aliyeusoma.

Wakati huohuo nje anga lilikuwa limeshakuwa jeusi, upepo ukapiga bati, na ikawa saa saba. Umeme ukakatika.

Televisheni zote nne zikazimika. Kisha sauti ikatoka kwenye benchi la mbele, sauti ya mtu mzima aliyechomwa.

"Banange! Nirikuwa nimebakisha mrango mmoja!"

"Usijali, Ssalongo," nikasema, "ukirudi itakuwa imehifadhi."

"Hii haihifadhi! Hii inaanza mwanzo!" Akageuka, na hapo nikaona machozi. Machozi ya kweli, ya baba wa mapacha, mtu ambaye ameamka saa tisa akabishana na wavuvi gizani asidondoshe hata tone. "Saa tatu! Saa tatu za maisha yangu! Nirikuja kupumzika!"

Ni katika picha hiyo, mmoja analia, wawili wameshikana makola, mzee amesimama na mimi nimeinua karatasi, ndipo Mama Zaituni alipoingia na kikapu cha samaki.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Aliweka kikapu chini, akatazama kila mtu, kisha akaenda kwenye sanduku. Akachukua kasha moja, akaligeuza. Akachukua la pili. La tatu akalinusa.

"Rangi yangu iko wapi?"

"Mama, nimesafisha," nikasema. "Sasa zimepangwa kwa aina thelathini na..." nikakumbuka bata, "...nane."

"Aina," akasema. Akakaa kwenye benchi kati ya wale polisi wawili, nao wakaachiana makola wampe nafasi. "Sikia sasa, kijana. Ile nyekundu ni gemu ya kugombanisha. Hapana patia ndugu, hapana patia mtu na bibi yake, hapana patia polisi." Wale wawili wakatazama viatu. "Ile nyeusi haihifadhi. Umeme ikienda, yote inaenda. Napatia mtu asubuhi tu, kama anga iko safi, na mtu mwenye roho ngumu. Ile nyeupe haina damu, haina mwanamke uchi. Hiyo ni ya mwezi ya kufunga, na mzee naye anaitumia Kwaresima."

"Kweli," akasema Afande.

"Na kijani?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Kijani ni ya mtu amechoka. Ndani hakuna kupotea, hakuna kufa. Ssalongo iko wa kijani. Kila Jumamosi, kijani." Ssalongo akapenga kamasi. "Mimi nimefanya hii rangi miaka sita. Siangalii televisheni, naangalia uso ya mtu. Mtu akitoka na uso mbaya, naandika kwa rangi. Mtu akitoka anacheka, naandika kwa rangi. Wewe umefuta na nini?"

"Thina."

"Thina," akarudia, na jinsi alivyolisema neno hilo nilitamani anipige tu yaishe.

Miaka sita, jamani. Miaka sita ya nyuso za watu, nami niliifuta kati ya saa mbili na saa nne huku naimba. Nilisikia vibaya kwelikweli, na hapa sifanyi utani.

Umeme ukarudi. Na Afande Odong, ambaye mpaka hapo alikuwa kama mzee wa kawaida, akakumbuka kazi yake ya zamani. Akaweka mikono nyuma.

"Kwa jeshi," akasema, "mtu akisema anajua bunduki, tunampatia bunduki. Labda mama amekosea. Labda huyu kijana anajua kuliko sisi. Sasa tuone. Wewe, gemu gani unajua kabisa?"

Nikataja. Mtaalamu hawezi kukaa kimya hata akiwa kizimbani. Nikataja ile ya mlinzi wa mnara, ambayo nimeiandikia kurasa tatu na kuiita mama wa gemu zote za kuvaa uhusika.

"Weka," Afande akamwambia mkewe. Kisha kwangu: "Kaa. Cheza."

Kabla sijaendelea, niungame. Kizza hayumo humu kunisikia, lakini nyinyi mpo.

Sijawahi kucheza gemu hiyo. Sijawahi kucheza hata aina moja kati ya zile thelathini na saba, ukiondoa ile ya nyoka kwenye simu ya baba. Kompyuta yangu hufungua waraka tu, na hata waraka huufungua ikipenda. Gemu nazitazama kwenye simu zikichezwa na watu wengine, tena kwa kasi maradufu ili bando lisiishe. Miaka minne nimewahukumu watu kwa vitu nilivyovitazama vikikimbia.

Nikashika padi. Ilikuwa ya moto kutoka mikononi mwa Okiria. Kwanza nikakaa dakika nzima kwenye ukurasa wa kuandika jina, sijui pa kubonyeza.

"Bonyeza ile ya msalaba," Ssalongo akanong'ona. Yeye aliyekuwa analia ndiye aliyenihurumia kwanza.

Mlinzi wangu akatokea uani, mrefu, ana ngao, ana upanga. Kwenye waraka, ukurasa wa kumi na mbili, nimeandika hivi: "Ua wa mwanzo ni mahali pa utulivu ambapo mchezaji anaalikwa kutafakari." Nikatafakari. Nikamwelekeza mlinzi kwenye lango, akaenda ukutani. Nikamrudisha, akaenda ukuta mwingine. Akawa anatembea papo hapo, paji la uso limegusa mawe, kama mtu aliyefiwa.

"Anaomba?" Koplo Drani akamwuliza Okiria. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu msichana wa Naguru.

Nikabonyeza vyote kwa pamoja. Mlinzi akazunguka, akachomoa upanga, akampiga kuku aliyekuwa anapita zake.

Sikujua kwamba kuku wale wana ndugu. Kwa kasi maradufu hilo halionekani. Wakatoka nyuma ya kisima, wakatoka juu ya paa, weupe, wengi, wana umoja ambao mimi sijawahi kuuona katika ushirikiano wowote. Nikainua ngao, nikawa nimekaa chini. Nikataka kusimama, nikala mkate. Mlinzi wa Mnara, mama wa gemu zote, akala mkate huku anadonolewa, mpaka kioo kikawa chekundu na maandishi makubwa yakatokea.

Wote wakasogea kuyasoma.

"Hapo," akasema Mama Zaituni taratibu, "mtu hajawahi kufa. Miaka sita. Mimi sikujua hapo mtu anaweza kufa."

Aliyeanza ni Okiria. Alijaribu kuzuia, ikatokea puani. Drani akamwangukia begani. Wakacheka wameshikana, wakapigana migongo, wakafutana machozi, na odii ikasamehewa pale pale. Ssalongo naye akacheka na yale machozi yake ya zamani, akasema sasa milango tisini na tisa haimwumi tena. Hata Afande alitazama ukutani kwenye msalaba, mabega yanamtikisika. Mapatano yote ya leo Mbuya nimeyaleta mimi, na hakuna aliyenishukuru.

Nikaweka padi chini. Nilimwona mama yangu kanisani amesimama kutoa ushuhuda.

"Tumfukuze?" Afande akamwuliza mkewe.

Mama Zaituni akasogea kwangu. Akafungua mkoba wake, akatoa chupa nne ndogo za rangi ya kucha, akazipanga kwenye benchi. Kisha akanitazama usoni. Alinitazama muda mrefu, na hapo nikaelewa zile rangi zilivyopatikana.

"Leta mkono."

Nikaleta. Akashika kidole gumba cha kulia, akafungua kichupa, akapaka ukucha mzima. Kijani.

"Huyu amechoka," akamwambia mumewe. "Anabeba saruji, mama yake anamwita meneja, na hajawahi kucheza. Mtu namna hiyo lazima agombane na watu kwa simu." Akanigeukia. "Kazi ya umeneja hapana. Lakini kila Jumamosi utakuja hapa. Utacheza moja moja, zote sitini na moja, mpaka mwisho. Ukimaliza moja, mimi naangalia uso yako, halafu wewe mwenyewe unapaka rangi. Na hii ya kidole hapana toa mpaka diski ya mwisho. Nikikuta umetoa, usirudi."

"Hiyo ni amri," akasema Afande.

Nikaanza leo leo. Ssalongo alinipa nafasi karibu yake kwenye benchi, akanipa padi ya pili, na tukacheza ile yake ya Jumamosi. Mnamwagilia bustani. Basi. Mnamwagilia, mboga inaota, mnaipeleka sokoni, mnarudi. Tulicheza saa nzima hatujasema neno, mgongo wangu ukasahau saruji, na ndugu zangu, sikujiuliza hata mara moja ile ni gemu ya aina gani. Nilipoinuka Mama Zaituni alinitazama, akanisukumia kichupa cha kijani. Nikapaka doa langu la kwanza. Limepinda kidogo. Zimebaki sitini.

Kwa hiyo matangazo ni haya. Waraka nimeufuta. Kizza nimemrudisha kikundini dakika hii hii. Kizza, karibu nyumbani, ulisema kweli kwa sentensi moja, na zile aya sita samahani. Mama bado sijampigia. Kesho ni Jumapili, wacha waniombee tena, safari hii nahitaji kweli.

Na keshokutwa narudi Kasubi kuvaa ile ovaroli kwenye msumari. Nitasimama siku nzima mbele ya rafu iliyojaa thina, nina ukucha wa kijani, na sina ruhusa. Mkipita kununua misumari, nawaomba, hesabuni misumari yenu, mtazame pembeni, na asiniulize mtu habari za kuku.